Somo la Robo Hii: Kutoa Ng'ombe Watatu Kupata Mmoja



Katika ziara zetu za vijijini kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, hata pale tulipokwenda kukagua kisima au mashine ya kusaga. Mzazi mmoja atatuvuta pembeni na kutuuliza: "Je, niuze hawa wa kienyeji ninunue mmoja wa kisasa?" Ni swali la watu wanaofikiri. Ng'ombe wetu wa asili, ambao bado ni zaidi ya asilimia 90 ya ng'ombe wote wa Tanzania, hutoa lita moja au mbili za maziwa kwa siku baada ya ndama kushiba, na wakati wa kiangazi hata hizo hukauka. Chotara wa Friesian au Ayrshire akitunzwa vizuri na mkulima mdogo hutoa lita sita hadi kumi, na wengine zaidi. Nani asiyetaka kutoka kwenye kikombe kwenda kwenye ndoo?

Somo hili limeandikwa lisomwe katika vikao vya kamati kabla ya kupitisha ombi lolote la namna hiyo. Mkiona mahali pa kubishana, simameni hapo mbishane kwanza, kisha mwendelee.

Kosa letu la mwaka 2018

Tunaanza na sisi wenyewe. Wasomaji wa siku nyingi wanaweza kukumbuka picha tuliyoichapa katika jarida hili mwishoni mwa mwaka 2018: mama mmoja wa parokia ya tambarare ameshika kamba, na pembeni yake mtamba mweusi mwenye mabaka meupe, mwenye mimba ya miezi sita. Tuliandika chini ya picha kwamba maisha ya familia ile yamebadilika. Yalikuwa yamebadilika kweli, lakini siyo kama tulivyodhani. Wakati jarida linatoka kiwandani, mtamba yule alikuwa amekwisha kufa. Picha yake tuliichapa, kifo chake hatukukichapa. Leo tunakichapa.

Habari yenyewe ni hii. Familia ilikuwa na ng'ombe wanne wa kienyeji: maksai mmoja, majike mawili na ng'ombe mzee ambaye mnadani asingepata bei. Tulikuwa na mpango uliopendwa sana na wafadhili: familia ilete sehemu kubwa ya bei ya mtamba kwa kuuza mifugo yake, na sisi tuongeze iliyobaki. Tuliona hiyo ndiyo njia ya kuwafanya walengwa wawe wamiliki na siyo wapokeaji. Basi maksai na yale majike mawili wakapelekwa mnadani.

Kabla ya hapo kulikuwa na kikao chini ya mwembe wa kanisa. Shemeji mkubwa wa yule mama, mzee wa makamo yale ambayo mtu haongei mara mbili, alisimama akauliza jambo moja tu: "Na akifa huyo mmoja, tunabaki na nini?" Mwenzetu, mwepesi wa maneno, alimjibu kwa mfano wa mfanyabiashara wa lulu katika Injili ya Mathayo sura ya 13, yule aliyeuza vyote alivyokuwa navyo ili apate lulu moja ya thamani kubwa. Watu walipiga makofi. Mzee akakaa. Lulu haili majani wala haiumwi na kupe, lakini siku ile hakuna kati yetu aliyelifikiri hilo, na swali la mzee lilibaki bila jibu.

Mtamba aliletwa kwa lori mwezi Oktoba kutoka milimani, safari ya saa tano. Alikuwa amezaliwa na kukulia ndani ya banda, akikatiwa majani na kuletewa maji. Katika maisha yake hajawahi kukanyaga malisho yenye kupe. Tulimteremsha tambarare, mahali ambapo kupe ni wengi na mvua za vuli ndizo kwanza zinaanza, wakati ambao kupe huongezeka. Siku ya 16 aliacha kula. Bwana mifugo alikuwa na kata tatu za kuhudumia na pikipiki moja isiyo na mafuta, akafika siku ya 18. Alichoma dawa aliyokuwa nayo mkobani. Ilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Dawa iliyotakiwa ilikuwa mjini na bei yake ilikuwa kubwa, na ilipopatikana mnyama alikuwa tayari anapumua kwa shida na kutoa povu puani. Siku ya 23 alikufa, na ndama tumboni.

Mwezi Januari 2019 binti wa familia ile alitakiwa kuripoti kidato cha kwanza. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa tangu 2016, lakini godoro, sare, viatu, ndoo na madaftari havikufutwa. Miaka ya nyuma maksai au dume moja lingepelekwa mnadani na mambo yakaisha. Safari hii hapakuwa na cha kupeleka isipokuwa yule ng'ombe mzee. Kamati ya parokia ilichanga, na binti aliripoti akiwa amechelewa wiki tano. Tulipokwenda kumpa pole mama yake, hakutulaumu. Alitukaribisha chai ya rangi, akasema: "Baba zangu, wale watatu nilikuwa nawajua." Hatukuwa na la kumjibu.

Nini kilichomuua

Ugonjwa ulikuwa ndigana kali. Kila kamati inayofikiria ng'ombe wa maziwa inapaswa kuufahamu, maana katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki huu ndio unaoua ng'ombe wa kisasa kuliko magonjwa mengine.

Unaletwa na kimelea kidogo sana kinachobebwa na kupe wa kahawia, yule anayependa kukaa masikioni. Kupe akimuuma ng'ombe, dalili huanza baada ya wiki moja hadi tatu hivi. Kwanza mitoki huvimba, hasa ile iliyo chini ya sikio na mbele ya bega. Shika kwa mkono, utaisikia kama yai chini ya ngozi. Kisha joto hupanda sana, ng'ombe anaacha kula na kucheua, macho yanatoa machozi. Mwisho mapafu yanajaa maji, naye hupumua kama mtu aliyekimbia. Ipo dawa ya kutibu na inafanya kazi vizuri ikitolewa mapema, mitoki inapoanza kuvimba. Ikisubiriwa mpaka povu puani, mara nyingi ni kutupa fedha.

Sasa, kwa nini wa kienyeji hawakufa? Watu wengi husema ni kwa sababu wao ni wagumu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini kuna sababu nyingine: ndama wa kienyeji aliyezaliwa tambarare huumwa na kupe tangu wiki zake za kwanza. Baadhi hufa wakiwa wadogo, na pengine mwenyewe hakujua ni kwa nini. Wanaopona hubaki na kinga. Kwa hiyo ng'ombe mkubwa wa kienyeji mnayemwona zizini ni yule aliyekwisha kufanya mtihani akafaulu. Mtamba wetu wa milimani aliletwa kwenye mtihani ule akiwa mtu mzima, bila kusoma hata siku moja.

Na ilikuwapo chanjo! Hili ndilo linalotuuma zaidi. Ng'ombe huchomwa sindano moja yenye vimelea hai vya ugonjwa, na papo hapo hupewa dawa ya kuuzuia usimzidi. Anaugua kidogo, mwili unajifunza, naye hupata kinga ya muda mrefu sana. Hutundikwa hereni sikioni kuonyesha kwamba amechanjwa. Ingefaa mtamba achanjwe huko huko alikotoka na kuachwa apate nafuu kabla ya kupanda lori. Bei yake ingekuwa sehemu ndogo tu ya bei ya mnyama. Katika bajeti yetu ya 2018 kulikuwa na fungu la lori, fungu la mnyama na fungu la sherehe ya makabidhiano. Fungu la chanjo halikuwapo.

Kazi za wale watatu

Tulipokaa chini baadaye na kamati ile, tuliwaomba wanakamati wataje kila kazi ambayo ng'ombe watatu waliouzwa walikuwa wakiifanya. Tulidhani tutamaliza kwa dakika kumi. Tulitumia asubuhi nzima.

Maksai alikuwa akilima. Aliunganishwa na maksai wa jirani, na jozi ile ililima mashamba ya nyumba mbili. Alipouzwa, jirani naye alibaki na maksai mmoja asiye na mwenzake, yaani tulimharibia kazi mtu ambaye hata hakuwa kwenye mradi wetu. Majike yalitoa samadi, ndama mmoja karibu kila mwaka na nusu, na maziwa ya watoto wakati wa mvua. Lakini zaidi ya yote walikuwa akiba ya kugawanyika. Akiugua mtu, anauzwa mmoja. Ukitokea msiba, anachinjwa mmoja. Kijana akioa, wanatolewa wawili na anabaki wa kuanzia tena. Ng'ombe mmoja wa bei kubwa hagawanyiki hivyo. Huwezi kuuza mguu wake mnadani ulipe hospitali na kesho ukamue.

Wala wale watatu hawakuwa na gharama kubwa ya kila siku. Walichungwa na watoto, wakanywa bwawani, wakala mabua baada ya mavuno. Mama mmoja katika kikao alisema jambo ambalo wanaume walilicheka kidogo na kisha wakanyamaza: ng'ombe wa kienyeji ni kazi ya mvulana, ng'ombe wa kisasa ni kazi ya mama. Tangu hapo tumelikagua kila tulikokwenda na tumeliona ni kweli mara nyingi. Anayekata majani ni mama, anayebeba maji ni mama na binti zake, anayekamua saa kumi na moja alfajiri ni mama. Fedha za maziwa zikianza kuonekana, ndipo baba huja kuulizia. Kamati isipolisema hili waziwazi kabla mnyama hajafika, litasemwa baadaye kwa ugomvi.

Hesabu kwa lita

Badala ya kuandika hapa shilingi ambazo mwakani zitakuwa zimepitwa na wakati, tunawashauri mfanye hesabu yenu kwa lita za maziwa. Chukueni bei ya lita moja pale kijijini kwenu, kisha kila gharama igeuzeni kuwa lita.

Tuseme chotara anatoa lita nane. Katika miezi yake ya mwanzo ndama anahitaji kama lita tatu. Lita moja ibaki nyumbani, na tunawasihi isiuzwe, maana tumeona watoto wenye utapiamlo katika nyumba zenye ng'ombe wa maziwa. Zimebaki nne. Ng'ombe wa lita nane hawezi kutoa maziwa hayo kwa majani peke yake, anahitaji pumba na mashudu. Ikiwa kwenu kilo moja ya chakula hicho ni sawa na nusu lita ya maziwa, kilo tatu zinakula lita moja na nusu. Dawa ya kuogesha kila wiki, madini ya kulamba, dawa ya minyoo, nauli ya mhimilishaji, yote hayo yakigawanywa kwa siku tuseme yanakula nusu lita nyingine. Zimebaki lita mbili. Hizo mbili ndizo faida mkononi, mpaka ndama aachishwe, ndipo zinaongezeka. Na kumbukeni ng'ombe hupumzishwa kukamuliwa siku 60 hivi kabla ya kuzaa, wakati huo analipwa lakini halipi.

Hatusemi lita mbili ni kidogo. Lita mbili kila siku, mwaka hadi mwaka, zimesomesha watoto wengi katika nchi hii. Tunasema tu kwamba siyo nane, na mtu aliyeahidiwa nane akapata mbili atadhani ameibiwa.

Kisha wekeni jasho katika hesabu. Chotara wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Mabingobingo mabichi yana maji mengi, karibu sehemu nne katika tano, kwa hiyo akila hayo peke yake ni kilo 60 za kukata na kubeba kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Maji ni lita 50 hadi 80 kwa siku, zaidi akiwa anakamuliwa wakati wa joto, yaani ndoo tatu au nne. Bomba likiwa uani, hilo ni jambo dogo. Kisima kikiwa mwendo wa saa moja, ni siku nzima ya mtu. Katika parokia ile ya tambarare kisima kilikuwa mwendo wa dakika 40 kwenda tu. Tulikuwa tumekipita kwa gari.

Mahali ambapo biashara hii inalipa

Msije mkasema tunawatisha watu warudi nyuma. Kuna sehemu ambazo kubadilisha ng'ombe wengi kwa mmoja bora ndilo jambo la busara kabisa. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako ardhi ya malisho iliisha zamani, watu walikuwa wakifuga ng'ombe ndani na kuwakatia majani hata kabla ya ng'ombe wa maziwa kutoka Ulaya kufika. Kazi ya kubeba majani wanaijua, migomba iko mlangoni, maji yako kwenye mifereji, na mnunuzi wa maziwa hayuko mbali. Hapo aliyekuja ni mnyama mpya katika kazi ya zamani. Nyanda za juu za Rungwe na Njombe zina baridi inayomfaa ng'ombe wa aina hiyo, na majani mwaka mzima au karibu mwaka mzima.

Kwa hiyo swali la kwanza la kamati lisiwe "familia hii ina uwezo wa kuchangia?" Liwe: ng'ombe huyu akifika kesho asubuhi, atakula nini mwezi wa Septemba? Familia iliyokwisha panda mabingobingo, ikayakata mara mbili na kuyaona yanachipua tena, imejibu. Majani hayo huchukua miezi mitatu hadi minne kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na wataalamu wengi hushauri karibu ekari moja kwa ng'ombe mmoja na ndama wake. Familia inayosema itapanda mnyama akishafika haijajibu.

Muuzaji naye aulizwe maswali. Mnyama alikulia wapi, ndani au malishoni? Ana hereni ya chanjo? Mimba imepimwa na mtaalamu au ni maneno ya mwenye mali? Chuchu zote nne zinatoa? Kibali cha kusafirisha kimekatwa? Muuzaji anayekasirika kwa maswali haya amewasaidia kuamua.

Na pasiwepo familia inayoruhusiwa kuuza wote. Huu sasa ni utaratibu wetu, na tunajua baadhi ya kamati zimelalamika kwamba tunawacheleweshea watu maendeleo. Auzwe mmoja, au wawili ikiwa wako wengi. Wawili wabaki mpaka yule mpya amezaa mara ya kwanza salama.

Njia ndefu

Ipo namna nyingine ya kupata ng'ombe bora bila kumtoa yeyote zizini, nayo ni kumbadilisha kupitia tumbo la yule uliye naye. Mbegu za madume bora huzalishwa katika kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, na kusambazwa zikiwa zimegandishwa ndani ya mitungi ya hewa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mhimilishaji huja na mbegu, na jike la kienyeji huzaa chotara.

Kazi ya mfugaji ni kuona dalili za joto. Jike huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halidumu hata siku nzima. Akionekana asubuhi anapandikizwa jioni, akionekana jioni anapandikizwa kesho yake asubuhi. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana ng'ombe haingii joto kwa kufuata ratiba ya mhimilishaji, na mtandao wa simu haupo kila bondeni. Jike dogo la kienyeji lipewe mbegu ya Jersey, ambaye ni mdogo, ili ndama asije akakwama wakati wa kuzaliwa.

Njia hii ni ndefu. Mimba ni miezi tisa, na kama ndama ni jike atahitaji miaka miwili na nusu hadi mitatu kabla ya kuzaa mwenyewe. Akizaliwa dume, mnaanza upya, ingawa dume chotara hupata bei nzuri. Lakini ndama huyo anazaliwa pale pale atakapoishi. Anakua taratibu, na familia inakua naye: mwaka wa kwanza wanapanda majani, mwaka wa pili wanajenga banda, wa tatu wananunua bomba la kunyunyizia dawa. Gharama inakuja kidogo kidogo, jinsi fedha zinavyopatikana katika nyumba ya mkulima.

Neno kwa wafadhili

Mwaka 1944 ng'ombe 17 walisafirishwa kutoka Marekani kwenda Puerto Rico kwa familia maskini, kazi iliyoanzishwa na mkulima mmoja Mkristo, Dan West, ambayo baadaye ilikuja kuwa shirika la Heifer. Sharti lilikuwa kwamba kila aliyepokea atoe mtamba wake wa kwanza kwa jirani. Huku kwetu utaratibu huo unajulikana kama kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na parokia nyingi zimeuiga. Ni utaratibu mzuri sana, na ugumu wake uko wazi: ng'ombe aliyekufa hawezi kulipwa kwa jirani. Kila mnyama tunayempoteza hukata mnyororo wa familia zilizokuwa zikimsubiri nyuma yake.

Tunajua ni rahisi zaidi kuchangia ng'ombe kuliko kuchangia dawa ya kupe. Ng'ombe anapiga picha vizuri. Sisi wenyewe tumewazoesha hivyo, tuliandika maombi yenye bei ya mnyama kwa herufi kubwa na mengine yote tukayaita "gharama ndogo ndogo." Tangu 2019 tumegeuza mpangilio wa bajeti. Fedha ya kwanza inanunua mbegu za majani, ya pili tangi la kuvunia maji ya mvua, ya tatu chanjo na mafunzo, na mnyama anakuja mwisho. Maana yake ni kwamba mfadhili anayetoa mwaka huu anaweza asipate picha ya ng'ombe mwaka huu. Wachache wametuacha kwa sababu hiyo, na wengi wamebaki. Tunawashukuru waliobaki.

Kwa kamati zinazosoma somo hili pamoja, tunaomba mtumie kikao kimoja kizima kwa zoezi la kazi za ng'ombe, kama tulivyofanya sisi kwa kuchelewa. Mchague nyumba moja iliyoomba, mwite baba, mama na yule anayebeba maji, na mzee wa ukoo akiwepo itakuwa vizuri zaidi. Wataje wenyewe. Akiuliza swali msiloweza kulijibu, mliandike katika muhtasari, mwasubirishe waombaji mpaka jibu lipatikane.

Yule mama

Mwaka mzima wa 2019 hakuja katika mkutano wetu wowote. Mwaka 2020 alikuja ofisini, hakutaka mtamba wala fedha. Alitaka namba ya simu ya mhimilishaji. Yule ng'ombe mzee aliyekosa bei mnadani alikuwa bado anaingia joto. Mara ya kwanza mimba haikushika. Alihesabu siku 21 kwa vijiti vilivyochomekwa ukutani, akapiga tena simu.

Mwaka 2021 alizaliwa ndama jike wa rangi ya kahawia. Alichanjwa ndigana kali, ana hereni sikioni. Mabingobingo yalipandwa kwenye makinga maji ya shamba, na shemeji yake, yule mzee wa swali, ndiye aliyekata miti ya banda. Mwanzoni mwa 2024 chotara huyo alizaa. Tulipopita mara ya mwisho alikuwa akitoa lita saba kwa asubuhi na jioni, na mama hakuturuhusu kumpiga picha. Ng'ombe mzee bado alikuwa zizini, amekonda, hakamuliwi tena. Tulimuuliza kama anafikiria kumuuza. Alituangalia kama watu tusiojifunza, akaingia ndani kuleta chai. Safari hii ilikuwa ya maziwa.